Daftari kwenye droo ya gari: ninavyolihudumia gari langu lisinilaze njiani

Injini ilizima kimya kimya. Moshi haukuonekana na hakuna taa iliyowaka kunitahadharisha. Nilikuwa kwenye mteremko, mwendo wa 80, nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa mara moja, kisha ngurumo ya injini ikatoweka na deshibodi nzima ikawaka taa kwa pamoja. Usukani ukawa mzito kama nimebeba gunia. Nikalisogeza gari pembeni kwa kasi iliyobaki, likasimama, nikajaribu kuliwasha. Stata ilizunguka kwa wepesi wa ajabu, haraka kuliko kawaida yake, kama pedali za baiskeli iliyochomoka mnyororo.

Nilimpigia simu fundi na kumsikilizisha mlio ule. Akaniambia niache kuwasha papo hapo. Kisha akauliza: "Mwalimu, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?"

Sikuwa na jibu. Gari nililinunua mkononi mwa mtu likiwa na kilomita 118,000, limepigwa polishi mpaka matairi. Mkanda ulikatika likiwa na 126,300. Kwenye injini kama ile, pistoni na valvu hupishana ndani ya nafasi moja, kila mmoja kwa zamu yake, na anayegawa zamu ni mkanda. Ukikatika, kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, inasimama huku baadhi ya valvu zikiwa zimebaki wazi, na pistoni zinaendelea kupanda kwa nguvu ya mwendo uliokuwepo. Silinda hedi ilipofunguliwa, valvu 8 kati ya 16 zilikuwa zimepinda. Na mimi nikijaribu kuwasha mara nne tano pale barabarani nilikuwa naziongezea kipigo tu.

Fundi aliniwekea kipande cha ule mkanda kiganjani. Mpira ulikuwa mkavu, unang'aa upande wa mgongoni, na nilipoukunja kidogo mipasuko midogo ilifunguka kama ardhi ya kiangazi. Meno matatu hayakuwepo. "Gari umelinunua," akasema, "ila historia yake hukuuziwa."

Hilo gari ninalo mpaka leo. Lina kilomita 287,140, na tangu siku ile, karibu miaka kumi na moja, halijawahi kunilaza njiani. Mimi si fundi, ni mwalimu wa hesabu. Nilichobadilisha ni kimoja: niliacha kusubiri gari liniambie linataka nini. Sehemu kubwa ya vitu vinavyoliua gari havitoi mlio mpaka muda wa kusaidika umeshapita. Hesabu ya kilomita na miezi ndiyo inayoviona mapema.

Daftari lenyewe

Ni daftari la kawaida lenye jalada gumu, linakaa kwenye droo ya upande wa abiria, na kalamu nimeifunga kwa uzi kwa sababu kalamu za kwenye gari hazidumu. Kila mstari una mambo matano: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, aina ya spea au oili iliyotumika, na kilomita ambazo kazi ile itarudiwa. Hilo la tano ndilo lenye kazi. Watu wengi huandika walichofanya, wanasahau kuandika watakachofanya. Daftari la namna hiyo ni kumbukumbu tu, wakati unachotaka ni ratiba.

Namba za kuweka kwenye ratiba usiniulize mimi, wala usimuulize jirani mwenye gari linalofanana na lako. Zimo kwenye kitabu cha gari. Kama kitabu kimepotea, watengenezaji wengi wanakiweka kwenye tovuti yao. Tafuta kwa kodi, yaani msimbo, ya modeli na ya injini, kwa sababu magari mawili yenye bodi moja na jina moja yanaweza kuwa na injini tofauti kabisa, moja ya mkanda na nyingine ya cheni. Kodi hizo ziko kwenye kibati kilichopigiliwa chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango.

Ukikifungua utakuta ratiba mbili. Moja ni ya matumizi ya kawaida, nyingine ya mazingira magumu, na hii ya pili mara nyingi inapunguza muda kwa nusu. Hapa wengi tunajidanganya. Tunadhani mazingira magumu ni jangwani au kupanda milima. Soma orodha yao polepole: safari fupi fupi ambazo injini haipati joto lake kamili, foleni za kusimama na kuondoka, vumbi, kuvuta trela, joto kali. Shule ninayofundisha iko kilomita 6 kutoka nyumbani. Kwa miaka miwili nilijihesabu mtumiaji wa kawaida, na nilikuwa mtumiaji mgumu kuliko dereva wa masafa marefu. Injini inayoendeshwa dakika kumi kisha ikazimwa haichemki vya kutosha kukausha unyevu na petroli inayopenyeza kwenye oili.

Kila mstari wa ratiba una kilomita na una miezi. Kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Gari linaloegeshwa sana nalo linazeeka: oili inaingia unyevu, mipira inakauka, betri inashuka.

Ukinunua gari la mkononi, ukurasa wa kwanza wa daftari unaanza na dhana moja tu, kwamba hakuna kilichowahi kufanyika. Muuzaji atakuambia oili imebadilishwa juzi. Mwitikie kwa adabu, kisha mwaga oili. Oili na filta yake, maji ya rejeta, mafuta ya breki, eya kilina (filta ya hewa), halafu mkanda kama ni injini ya mkanda. Stika iliyobandikwa ndani ya boneti ikisema mkanda ulibadilishwa kilomita kadhaa zilizopita, bila risiti, mimi naihesabu kama uvumi.

Oili

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu kwa wakati wake, lifanye hili. Kitabu cha gari langu kinasema kilomita 10,000 au miezi 12 kwa matumizi ya kawaida, 5,000 au miezi 6 kwa magumu. Mimi nafuata 5,000, na nimeshaimwaga mara 32 tangu injini ile ifunguliwe.

Namba kwenye dumu, tuseme 5W-30, hazina uchawi. Herufi W ni ya msimu wa baridi: namba iliyo kabla yake inaonyesha oili inavyotiririka ikiwa ya baridi, ndogo ikiwa nyepesi zaidi. Namba ya pili ni uzito wake injini ikiwa na joto la kazi, unaopimwa kwenye nyuzi 100. Utasikia mtu akisema weka nzito zaidi, inalinda zaidi. Injini za siku hizi zina njia nyembamba za oili, na nyingi zinaitumia oili hiyo hiyo kusukuma mitambo inayobadilisha muda wa valvu. Oili nzito kuliko iliyoandikwa kitabuni inachelewa kufika kule juu asubuhi unapowasha, na dakika hiyo ya kwanza ndiyo injini inapochakaa zaidi. Weka iliyoandikwa.

Kazi yenyewe naifanya mwenyewe, siyo kwa ubahili bali kwa sababu naona. Naendesha dakika kama kumi ili oili iwe ya vuguvugu na ibebe uchafu, siyo ya moto wa kuunguza. Gari liko sehemu tambarare, breki ya mkono imevutwa, mawe nyuma ya matairi, na limekaa juu ya stendi mbili. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde ya kuokota spana.

Nafungua kifuniko cha juu cha oili ili hewa ipite. Chini, nalegeza bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa spana namba 14, kisha namalizia kwa vidole huku nikiisukuma bolti kwa ndani kama siitaki itoke. Inapofikia uzi wa mwisho, naivuta kwa haraka pembeni. Ukiivuta taratibu, oili inashuka kwenye mkono mpaka kwapani, nimeshaogeshwa. Inatoka kwanza mkondo mweusi mnene, halafu uzi, halafu matone. Naiacha dakika 15 nzima. Tone la mwisho nalisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada. Kuwa nyeusi si kosa, hiyo ni kazi yake. Ninachotafuta ni chembe zinazokwaruza, au rangi ya maziwa. Chembe ni chuma, maziwa ni maji. Vyote viwili ni vya kumwonyesha fundi kabla hujaweka oili mpya na kuondoka.

Filta ndipo watu wanapoangukia, nami nimo. Mara ya tatu au ya nne kufanya kazi hii, nilifungua filta ya zamani, nikafunga mpya, nikawasha. Ndani ya nusu dakika kulikuwa na ziwa chini ya gari. Ule mpira wa mviringo wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umeng'ang'ania kwenye injini, na mimi nikafunga mpya juu yake. Mipira miwili haishiki. Tangu hapo filta ikitoka naigeuza nihakikishe imetoka na mpira wake, na napitisha kidole pale ilipokuwa imekaa. Mpira wa filta mpya naupaka oili kidogo, naizungusha kwa mkono mpaka iguse, halafu robo tatu ya mzunguko. Hakuna spana hapo. Bolti ya sampu inapata washa mpya kila mara na inakazwa kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Yangu ni 37 Nm, kwa spana inayopima. Sampu nyingi ni za aluminiamu, na uzi wake ukichubuka kwa mkazo wa hasira utaijutia bolti hiyo miaka yote.

Najaza lita 3.5, nawasha, naangalia taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, nachungulia chini, nazima. Baada ya dakika tano nachomoa kijiti cha kupimia, nakifuta, nakirudisha, nakichomoa tena. Mara ya kwanza huwa kinadanganya. Naongeza kidogo kidogo mpaka karibu na alama ya juu, isiipite. Ikizidi, krenkishafti, shafti inayozungushwa na pistoni, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Oili ya zamani inarudi kwenye dumu na kupelekwa wanakoipokea. Haimwagwi kwenye mtaro wala mchangani.

Kati ya sevisi na sevisi, kijiti nakichomoa kila Jumamosi ya pili, gari likiwa limelala usiku kucha. Nikiongeza, naandika nimeongeza kiasi gani. Gari langu siku hizi linakunywa kama nusu lita kwa kila kilomita 5,000. Kwa umri wake sina neno. Siku nitakapoandika lita nzima nitajua jambo limebadilika, na sitakuwa nakisia. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa njiani, zima injini hapo hapo. Usiseme "nifike tu nyumbani".

Maji ya rejeta

Tunayaita maji, na jina hilo limeua injini nyingi. Kinachotakiwa mle ni kulanti: nusu dawa yenyewe, nusu maji yaliyosafishwa, isipokuwa dumu limeandikwa kwamba tayari imechanganywa. Mchanganyiko huo unachemka karibu nyuzi 106 badala ya 100, na mfuniko wa rejeta ukishikilia presha yake inapanda mpaka karibu 129. Tena ndani yake mna vizuia kutu. Maji ya bomba yana madini yanayoganda kwenye njia nyembamba za rejeta, na kutu inaitafuna pampu ya maji kutoka ndani huku nje inang'aa.

Mfuniko wenyewe ni kitu kidogo kinachosahaulika. Mpira wake ukizeeka presha haishiki, na gari linaanza kuchemsha kwenye foleni huku feni nzima, thamostati nzima, kila kitu kizima. Nimewahi kuona rejeta ikibadilishwa kwa kosa la mfuniko.

Kulanti za zamani hubadilishwa kila miaka miwili hivi, zile za maisha marefu kama miaka mitano, nenda na kitabu. Rangi isikuongoze: kijani, nyekundu, buluu, waridi, kila mtengenezaji anapaka anavyotaka. Soma nyuma ya dumu imekidhi kiwango gani, na usichanganye aina mbili, maana zingine zikikutana zinafanya ute unaoziba rejeta. Ukikwama barabarani, maji matupu yakufikishe, hakuna dhambi, ila yamwagwe ukishafika.

Angalia tangi la akiba asubuhi injini ikiwa baridi. Likipungua na huoni tone chini, usijaze kimya kimya kila wiki. Yanakwenda mahali, na mahali pabaya zaidi ni ndani ya silinda kupitia gasketi ya silinda hedi. Na mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata ukiwa na kitambaa, hata ukiwa na haraka.

Mafuta ya breki

Hii ndiyo sevisi inayorukwa kuliko zote, kwa sababu breki inaendelea kushika. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, unapenya hata kupitia mipira ya breki yenyewe. DOT ni daraja lake, limeandikwa kwenye chupa. DOT 3 mpya inachemka kwa nyuzi zisizopungua 205. Ikishavuta maji kufikia asilimia 3.7 kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 inatoka 230 mpaka 155. Sasa teremka mlima mrefu na mzigo ndani, mguu kwenye breki. Diski inapata moto, moto unaingia kwenye kalipa, kile kibano kinachosukuma pedi, yale maji yanageuka mvuke. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, basi pedali inazama mpaka sakafuni na gari linaendelea kwenda.

Kila miaka miwili, uwe umetembea kilomita 5,000 au 50,000. Hii ni kazi ya watu wawili, mmoja akanyage, mmoja afungue nipo, yaani vali ndogo za kutolea hewa, gurudumu moja moja kwa mpangilio wa kitabu, na kopo la juu lisiachwe likauke katikati ya kazi. Mimi humwachia fundi, nasimama pembeni kuangalia rangi: ya zamani hutoka ya kahawia, mpya ni kama asali nyepesi. Chupa iliyofunguliwa ikabaki nusu siitunzi kwa ajili ya mwakani, imeshaanza kunywa unyevu. Na ikidondokea kwenye rangi ya gari, mwagia maji mara moja, inaimenya. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizi nyingine. Usiichanganye na 5.1, ambayo ni ya ukoo wa DOT 3 na 4.

Pedi zinabadilishwa zikibaki milimita 3. Ila usizipime kwa kuchungulia kupitia matundu ya rimu peke yake. Niliwahi kuchungulia, pedi ya nje ikawa na milimita 6, nikaridhika. Wiki tatu baadaye kelele ya chuma kwa chuma. Pini za kalipa zilikuwa zimekauka grisi, kalipa haitelezi, pedi ya ndani ikafanya kazi ya wawili mpaka ikaisha. Kwa hiyo kila kilomita 20,000 magurudumu yanavuliwa, pini zinasafishwa na kupakwa grisi yake maalumu. Jambo jingine: mafuta ya breki yanashuka kidogo kidogo kwenye kopo kadiri pedi zinavyoisha. Ni taarifa hiyo. Ukijaza juu bila kuangalia pedi, umeifuta.

Mkanda, mara ya pili

Kitabu changu kinasema kilomita 100,000 au miaka saba. Magari mengine ni 60,000, mengine yanazidi 150,000, na mengi yana cheni ambayo haina tarehe lakini inadai oili safi ili idumu. Jua gari lako liko upande gani kabla hujaendelea kuliendesha.

Mimi sikusubiri 100,000. Niliubadilisha kwenye 216,300, mkanda ukiwa na 90,000, na siku hiyo vilitoka kwa pamoja mkanda, tenshena (kikaza mkanda), beringi zake, pampu ya maji na sili za kamshafti. Pampu ilikuwa bado nzima. Niliibadilisha kwa sababu kuifikia kunadai kufungua vile vile vilivyokwisha kufunguliwa, na beringi ya pampu ikikwama mwaka mmoja baadaye inaukata mkanda mpya nao. Nilishalipa somo hilo mara moja. Ukiona oili inavuja upande wa mkanda, usisubiri kilomita, mpira wa mkanda hauvumilii oili.

Giaboksi

Kuna magari yanayoandikwa kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha. Nilimuuliza fundi, maisha ya nani? Akacheka. Kila kilomita 60,000 naimwaga na kujaza, bila ile mashine ya kusukuma kwa presha. Cha kuzingatia ni aina: giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za ngazi, ina oili yake, siyo ya otomatiki ya kawaida, na ukikosea huna pa kukimbilia. Otomatiki nyingi zenye kijiti hupimwa injini ikiwa inanguruma na giaboksi ya moto, kinyume cha oili ya injini. Na kama giaboksi imefika kilomita 200,000 haijawahi kuguswa na imeshaanza kuteleza, oili mpya haitaifufua. Hiyo ni kazi ya kuzuia, siyo ya kutibu.

Vya haraka haraka

Upepo wa matairi unapimwa asubuhi kabla hujatembea, kwa namba iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wake, siyo unayotakiwa kujaza. Tairi likiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha katikati, ulizidi. Likiisha upande mmoja, peleka gari kwenye alaimenti. Nayazungusha, ya mbele nyuma, kila kilomita 10,000. Nchi nyingi kiwango cha chini cha kashata, yaani kina cha michoro ya tairi, ni milimita 1.6, ila mimi nikifika 3 naagana nalo, kwa ajili ya mvua. Angalia pia umri wake ubavuni: tarakimu nne, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nene linaweza kuwa zee.

Baada ya gurudumu lolote kuvuliwa, nati nazikaza tena nikishatembea kilomita 50 hadi 100.

Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limelala, inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Injini ikinguruma inatakiwa kati ya 13.8 na 14.5 hivi, chini ya hapo usinunue betri, angalia alteneta na mkanda wake kwanza. Mita ya umeme ya kawaida inatosha kujua haya, na itakuokoa na kununua betri isiyohitajika.

Plagi za kawaida hubadilishwa karibu kilomita 30,000, za iridiamu karibu 100,000. Eya kilina naipiga jicho kila sevisi. Nikiinua kuelekea juani na mwanga haupiti, inatoka. Kuipuliza kwa kompresa inachana karatasi yake ndani ndani, vumbi lipite bila kuonekana. Waipa, taa, mipira ya ekseli: dakika tano, kila Jumamosi ya pili, pamoja na kijiti cha oili.

Kwa fundi

Usiende ukasema "lifanyie sevisi". Neno hilo linaweza kumaanisha oili tu, au oili na kufuta vumbi. Nenda na karatasi uliyonakili kutoka kwenye daftari: hiki, hiki na hiki, oili ya namba hii. Omba spea za zamani ubaki nazo. Siyo kumshuku mtu, ni kwamba spea ya zamani inasimulia, kama ule mkanda ulivyonisimulia. Kabla ya kuondoka, chomoa kijiti mwenyewe, tazama chini ya gari, gusa kifuniko cha oili kama kimefungwa. Kwenye gereji moja niliwahi kukabidhiwa gari kikiwa kimeachwa juu ya betri.

Fundi wangu mwanzoni daftari lilimchekesha. "Mwalimu unalisahihisha gari." Siku hizi hagusi boneti kabla hajalifungua, na kuna kurasa mbili tatu ameandika yeye kwa mwandiko wake.

Mistari ya karibuni inasomeka hivi:

Km 281,310. Oili 5W-30 lita 3.7, filta, washa. Tairi zimezungushwa. Oili tena 286,300.

Km 283,050. Mafuta ya breki DOT 4 yote. Pini za kalipa, grisi. Pedi mbele mm 7, nyuma mm 5. Mafuta tena baada ya miaka 2.

Km 286,290. Oili, filta, washa. Eya kilina mpya. Hosi ya juu ya rejeta imelegea ikibanwa, ibadilishwe pamoja na kulanti. Oili tena 291,300.

Na ukurasa wa mwisho, kwa penseli, kuna 306,300. Hapo mkanda na oili ya giaboksi vinaangukia siku moja. Zimebaki kilomita 19,160, kama miezi 15 kwa mwendo wangu, na tenshena nimeshainunua. Iko kabatini, ndani ya boksi lake.